Masanduku ya Dodo Sebuleni

Kama leo umetoka hospitali umeambiwa lile neno, na sasa unatafuta mtu wa kukwambia kwamba ugonjwa utakufundisha uvumilivu, mimi si mtu huyo. Mimi haukunifundisha kitu. Ulinitoa titi la kulia, ukaninyoa kichwa, ukaning'oa kucha mbili za miguu, na kwangu hautasikia asante. Ninachoweza kukupa ni habari ya mkono mbovu, ya ulimi uliokufa, na ya masanduku mawili ya udongo niliyoyaweka sebuleni kwangu, Gisozi, Kigali. Hayo ndiyo niliyotamani mtu aniambie mapema, badala ya kuniambia "komera".

"Komera" kwa Kinyarwanda maana yake jipe nguvu, na Kigali nzima hawana neno jingine la kumpa mgonjwa. Wanakuja watatu, wanne, na chupa ya juisi. Wanaifungua wenyewe, wanainywa wenyewe. Wanakitazama kifua changu, wakigundua nimewaona wanahamisha macho ukutani. "Komera, Mama Aline." Ebo! Nguvu ningekuwa nazo, ningekuwa nimeshawatoa nje.

Nilipasuliwa katikati ya mvua za masika. Pamoja na titi walitoa na matezi ya kwapani, na nesi akanisomea masharti ya ule mkono: usibebe ndoo, usijikate, usikubali kuchomwa sindano upande huo, usishike udongo mikono mitupu, usilime. Usilime! Mimi niliyezaliwa Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi, jembe nimelishika kabla ya kalamu. Nikamwuliza, "Mpaka lini?" Akasema, "Siku zote, mama." Alisema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko maneno yenyewe.

Kidonda kilipofunga, kiangazi kikaingia na vumbi lake, ndipo wakaanza kunipa dawa ya dripu. Dozi sita, moja kila baada ya wiki tatu. Watu wanafikiri kazi ni kuivumilia dripu. Kazi ni kuruhusiwa kuipata. Asubuhi unapimwa damu, unapanda mizani, halafu unakaa kwenye benchi kungoja jina lako. Damu ikiwa imeshuka, au kilo zimepungua sana, unaambiwa rudi nyumbani ukale, uje wiki ijayo. Daktari alinieleza mara moja tu nikaelewa: dozi zikicheleweshwa-cheleweshwa, muda tunaopoteza ni wetu, ugonjwa haupotezi wa kwake. Basi maisha yangu yote yakawa hayo. Nile, damu isimame, nipate dozi sita.

Na kula ndiko kulikonishinda. Baada ya dozi ya kwanza ulimi wangu ulikufa. Uji, ndizi, sombe ya kisamvu, chai, vyote vilikuwa na ladha ya sarafu uliyoitia mdomoni. Chumvi siisikii, sukari siisikii. Nilikuwa naweza kukaa mbele ya sahani saa nzima nikiitukana, tena matusi ya Kiswahili maana ndiyo ninayoyajua vizuri, na tonge lisishuke.

Kwenye lile benchi la kungojea nilimkuta Mama Ciza, Mrundi anayeuza mboga Remera. Yeye alikatwa mwaka mmoja kabla yangu, sasa alikuwa anakuja kuangaliwa tu. Mwanamke mnene, mwenye sauti, anayekula maandazi mbele ya watu wanaoshika beseni za kutapikia. Nilimchukia kwa kama dakika kumi. Halafu akanigeukia, bila hata salamu, akaniuliza, "Weye ukiota chakula, unaota nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema dodo. Ule mchicha ambao hapa tunauita dodo, uliochumwa saa hiyo hiyo, bado una maji, haujalala sokoni.

"Panda, basi."

"Nipande wapi? Uwanja wetu ni saruji tupu, na tunachangia wapangaji watano. Tena mkono wenyewe umekatazwa kulima."

"Nani amesema ulime? Miye niko na sanduku ndani ya nyumba, haijaonja jembe mwaka nzima. Ukichimba ndiyo unaiharibu. Udongo iko na watu wake ndani, minyoo na nani, waache wafanye kazi. Weye kaa kwenye kiti."

Akanieleza pale pale huku majina yanaitwa, na nitakueleza kama alivyonieleza, ila bila maandazi mdomoni. Tafuta sanduku la mbao lenye kina cha kama shubiri moja na nusu. Litobolewe matundu chini. Liinuliwe kwa matofali manne, chini yake weka trei ya bati, maji yasiingie kwenye sakafu ya mwenye nyumba. Tandika maboksi ya karatasi, yawe na unyevu. Juu yake majani makavu, kisha maganda ya jikoni, kisha majani makavu tena. Juu kabisa mimina mboji iliyokwisha iva, nene kama upana wa kiganja, halafu funika na nyasi kavu. Usichanganye. Usigeuze. Ukitaka kupanda, sogeza nyasi, toboa kwa kidole ndani ya glavu, tia mbegu, rudisha nyasi. Ukivuna, using'oe. Kata shina, mizizi iache ndani ioze, ndiyo chakula cha watakaofuata. Ni hayo tu, na ni rahisi mno kwa mtu mwenye akili timamu na nyumba isiyo na ndugu.

Sanduku nilikwenda kuagiza kwa fundi Silasi, hapa hapa Gisozi kwenye karakana za mbao. Nilimjua tangu zamani, kazi yake safi, na ni mwendo mfupi hata kwa miguu yangu ya wakati ule. Nikamwambia nataka mawili marefu, yakae chini ya dirisha la sebule. Akapima dirisha, akatengeneza, akayapaka vanishi ya kahawia. Mchomeleaji jirani yake akakunja bati la trei. Silasi akayaleta mwenyewe, akabeba na magunia ya mboji, akamimina kila safu huku mimi nikimwelekeza kutoka kwenye kochi nikiwa nimejifunga khanga kichwani.

Pazia la dirisha nililitoa, maana dodo zinataka jua la asubuhi. Kuanzia hapo kila mpangaji aliyekwenda kuchota maji aliniona kwenye kochi, kichwa kama yai. Wa kwanza aligeuka haraka. Wa pili aliita "Komera!" Nikamwambia kwa ishara ya mkono aende zake.

Basi hapo ndipo akaingia wifi yangu Veneranda.

Veneranda ni dada wa marehemu mume wangu, Gaspari. Walikulia Bujumbura wote wawili, wakarudi Rwanda wakubwa. Yeye sasa analima kwake Bugesera. Binti yangu Aline ni mwalimu, yuko mbali, Rusizi, kwa hiyo alimpigia simu shangazi yake aje kunitunza. Hakuniuliza. Dozi ya pili ilikuwa bado inanizungusha kichwa nilipomwona wifi mlangoni, rozari shingoni, kikapu kichwani, ameshaanza kuangalia vumbi la kwenye meza.

Mimi na Veneranda hatujawahi kupendana. Alisema siku ya harusi kwamba watoto wa Tanzania wana midomo, na nikamthibitishia. Mbele za watu tunaongea Kinyarwanda chetu cha adabu. Tukigombana tunatumia Kiswahili, ndiyo lugha ya ugomvi wetu tangu nimeolewa, na hapo kila mtu anaelewa anachoambiwa.

Aliyaona masanduku kabla hajaketi. Akasimama. Rangi ikamtoka usoni.

"Hii ni nini?"

"Bustani."

"Ndani ya nyumba? Miguuni pa mgonjwa?"

"Ni dodo, wifi. Hazilimwi, hazigeuzwi. Usiziguse."

Alipita kwa mbali kwenda jikoni, amejibandika ukutani, kana kwamba sanduku lingemrukia. Nikasema moyoni, haya, mama mkulima ameona shamba lisilo lake, limemuuma.

Sitamnyima haki yake. Alinipikia mara tano kwa siku. Alifua mashuka niliyotapikia bila kukunja pua. Lakini alikuwa na mkono mzito na mdomo mwepesi. "Kula." "Sitaki." "Nani amekuuliza kama unataka?" Alinipanga kwenye kochi la mbali na dirisha, nami nikarudi kwenye kochi la dirishani. Akanihamisha, nikarudi. Tulifanya hivyo wiki nzima, watu wazima wawili. Akiona vijidudu vidogo vyeusi vinaruka juu ya udongo, vile vinavyotoka ukimwagilia kupita kiasi, alisema, "Umeona? Imeanza kuoza." Nikapunguza maji, vikapungua. Akakasirika vilipopungua!

Siku ya dozi ya tatu nilienda peke yangu, nilikataa anisindikize. Damu ikapimwa. Mizani nikapanda. Nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi, na jina langu likaitwa mwishoni ili niambiwe haitoshi. "Rudi ukale, mama. Wiki ijayo." Mtu aliyekaa kando yangu akanishika bega akaniambia komera. Nikautoa mkono wake.

Nilirudi nyumbani na njaa isiyo na hamu ya kula. Nilitaka kitu kimoja tu, kuziona dodo zangu, maana zilikuwa zimeshatoa majani mawili mawili na nyingine manne. Nikafungua mlango. Masanduku yote mawili yamechimbuliwa. Nyasi pembeni, maboksi yaliyolowa juu, maganda ya viazi juu, udongo vilima-vilima mpaka sakafuni, miche imelala mizizi nje. Na Veneranda amekaa jikoni anamenya ndizi, kisu kingine kilichojaa udongo kando yake.

"Umefanya nini?"

"Udongo usipolimwa unakasirika," akasema, hanitazami.

"Nilikwambia usiguse!"

"Nimegusa."

Haki ya Mungu, ningekuwa na mikono miwili mizima ningemrushia sufuria. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka nje. Nikamtajia harusi, nikamtajia mazishi ya Gaspari alivyojitia kupanga kila kitu, nikamtajia hata kikapu chake. Mavi ya kale hayanuki, wanasema, lakini siku hiyo niliyachokonoa yote. Yeye alimenya ndizi mpaka mwisho. Jioni akaniletea supu, na akasimama mpaka nikaimaliza, sarafu na yote.

Wiki iliyofuata damu ilisimama kidogo, wakanipa ya tatu. Nikamwita Silasi, akanipangia upya zile safu, nikapanda tena. Nikamwambia Veneranda, kwa sauti ndogo safari hii, kwamba akigusa tena anaondoka. Alisema ndiyo. Akaanza kunitilia mboga ya sokoni kila mlo, ananitazama kila tonge, macho yananifuata kutoka sahani mpaka mdomoni. Nikamwuliza anatafuta nini. "Hakuna," akasema.

Dodo zikaota. Safari hii zilifika urefu wa kidole, nyekundu kwenye shina, na asubuhi jua likizipiga nilikuwa naweza kukaa nazo bila kumchukia mtu. Sitakudanganya, rehema ndogo ndogo zilikuwepo. Hiyo ilikuwa mojawapo.

Zikiwa zimebaki siku tatu nizile, na siku sita nipate dozi ya nne, nililala mchana, nikaamka, nikakuta amechimbua tena. Yote. Mpaka chini kabisa kwenye mbao.

Sikupiga kelele. Nilichukua kikapu chake, nikatia nguo zake ndani, nikakiweka nje kwenye saruji. "Rudi Bugesera. Nikifa nitamwambia Aline akuite. Kabla ya hapo nisikuone."

Alifungua mdomo. Nilidhani atanijibu, na nilitaka anijibu. Alikichukua kikapu, akaenda.

Sasa nikwambie ujinga wangu, ili wewe usiufanye. Nilivaa glavu, nikaanza kuyapanga mwenyewe. Nikajiambia ni udongo tu, ni mkono tu. Nikavuta gunia la mboji kwa mkono wa kulia kwa sababu mkono ulisahau kwamba umekatazwa, na mimi nikasahau nao. Kibanzi cha mbao kikapenya glavu kikaingia kwenye kidole gumba. Nikakitoa kwa meno, nikaendelea. Kesho yake mkono ulikuwa umejaa mpaka kwenye kiwiko, mwekundu, wa moto, ngozi inang'aa. Siku ya pili pete haikutoka. Siku ya tatu nilikuwa natetemeka kwenye jua la kiangazi, na mpangaji yule yule wa "komera" ndiye aliyeniitia gari akanipeleka. Sikumshukuru. Nimshukuru hapa.

Walinilaza. Daktari akaniambia dozi ya nne isahau kwanza, damu imeanguka, mkono una maambukizi, tuombe yasipande juu. Alisema ningeweza kufa kwa kidole. Miezi yote napigana na kitu kikubwa, nikakaribia kuuawa na kibanzi.

Hospitalini kwetu chakula cha mgonjwa kinaletwa na ndugu. Saa sita wodi nzima inanukia, vyombo vinafunguliwa, watu wanalishwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa nageukia ukutani. Siku ya kwanza mgonjwa wa kitanda cha pili alinigawia wali wake. Siku ya pili tena. Hapo ndipo nililia, si kwa ajili ya ugonjwa, kwa ajili ya aibu.

Siku ya tatu nikasikia viatu ninavyovijua. Veneranda, na chombo cha chakula kimefungwa kitambaa. Aline alikuwa amempigia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua, akajaza kijiko.

"Kula."

"Kwanza niambie kwa nini. Mara mbili, Veneranda. Mara mbili! Nilikukosea nini mpaka unikatie chakula nilichokitaka?"

Akashika kijiko hewani. "Kula kwanza."

"Sili."

Akakirudisha kijiko. Akatazama mlango, akatazama mgonjwa wa kitanda cha pili, kisha akainama sikioni kwangu. "Zile sanduku, nani alitengeneza?"

"Fundi Silasi."

"Na ile ya Gaspari, ile tulimuzikia, nani alitengeneza?"

Nikageuza kichwa nimtazame.

"Ni Silasi," akasema. "Mbao moja. Langi moja. Urefu karibu moja. Miye niliichagua siku ile, niliigusa kila msumari. Naingia kwako, nakuta mbili, mbili!, zimejaa udongo, zimefunikwa nyasi juu, na weye umelala kando. Nifanye nini? Nikuulize? Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mtu mgonjwa haambiwi hiyo neno. Nikaona nichimbue tu. Kaburi ikichimburiwa haiko kaburi tena."

Naapa sikuwa nimeona. Niliona fundi mzuri wa karibu. Miezi miwili nimekaa kwenye kochi, nimejifunika blanketi, kando ya majeneza mawili yenye vanishi, nikimlaumu mkulima kwa wivu. Na yeye alikuwa anapita ukutani, anayaogopa, anapika mara tano kwa siku.

"Kwa nini hukusema hata nilipokufukuza?"

"Ningesema ningekuua."

Nilianza kucheka. Kifua kikauma kwenye mshono, mkono ukauma, nikacheka mpaka nesi akaja. Veneranda hakucheka. Alinitia kijiko mdomoni nikiwa bado nacheka. Sarafu ile ile. Nikameza.

Usidhani tulikumbatiana. Nilipotoka hospitali tuligombana njia nzima. Yeye alitaka masanduku yachomwe, mimi nilitaka dodo. Mwishowe Silasi akaitwa. Tulipomweleza, maskini alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Alisema yeye alipima dirisha tu. Akaja na msumeno, akakata kila sanduku katikati, akaziba kwa mbao mpya, yakawa manne ya mraba. Vanishi akaiparuza yote. Veneranda akamsimamia mpaka mwisho, kisha akamwambia apake rangi. Ipi? Njano, akasema. Sasa nina masanduku manne ya njano sebuleni yanayoumiza macho.

Safu tulizipanga upya, yeye akimwaga, mimi nikielekeza kutoka kwenye kochi, mkono umefungwa bandeji. Alilalamika kila hatua. Maboksi ya nini? Udongo usiogeuzwa utapumua vipi? Mwezi mmoja baadaye alisogeza nyasi, akakuta minyoo, mingi, minene, na udongo umekuwa mweusi na mlaini. Akairudisha nyasi taratibu. Nilimwona, nikanyamaza, na kwangu kunyamaza si jambo dogo.

Dozi ya nne nikaipata, imechelewa wiki mbili. Mvua za vuli zikaanza, zikapiga bati mchana kutwa, na dodo zikapanda. Zilipofika shubiri, Veneranda alipiga magoti na kisu kile kile. Akakata shina juu kidogo ya udongo, moja, nyingine, akajaza sinia.

"Mizizi nimeiacha," akasema bila kugeuka.

Dodo zile zilishuka. Ladha bado hakuna, lakini zilikuwa na maji, zilikuwa laini, hazikunikumbusha chuma. Nilikula sahani nzima, kesho yake tena. Sisemi mboga imenitibu. Atakayekuuzia mboga ya kutibu saratani mfungie mlango. Nasema nilikula, mizani ikapanda kilo moja, na ya tano wakanipa siku yake. Mama Ciza alikuwepo kwenye benchi, akaniuliza dodo zikoje. Nikamwambia angenionya mapema kuhusu urefu wa sanduku. Aliposikia kisa alicheka mpaka akapaliwa na andazi.

Ya sita walinirudisha mara moja, damu haitoshi. Niliporudi nyumbani nikajilaza kwenye kochi. Veneranda akasema, "Umekula ng'ombe nzima, utashindwa na mukia?" Wiki nzima alikata dodo asubuhi na jioni, masanduku yakabaki na vishina vitupu. Tukaenda wote wawili. Tukakaa kwenye benchi. Jina likaitwa la nne, si la mwisho, na nesi akanielekeza upande wa viti vya dripu. Veneranda akatoa rozari, na mimi nikampa nesi mkono wa kushoto, ule mzima, anichome.

Hiyo ilikuwa dozi ya mwisho. Wameniambia nirudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na nikikaribia siku hiyo nakuwa mtu mbaya, ukiniona nipite. Nywele zimeota, zimekuja na mvi na mawimbi ambayo sikuyaomba. Mkono wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, nguo zote nimezipanua bega.

Kama wiki tano baada ya dozi ya sita, mvua ikiwa imekatika mchana, tulikuwa tunakula, mimi na yeye, ugali na dodo za chipukizi jipya. Nikatia tonge mdomoni. Nikalitema.

"Veneranda! Hii mboga umeifanya nini? Chumvi yote hii!"

Akaacha kutafuna. "Umesema nini?"

"Chumvi! Unataka kuniua sasa, baada ya taabu yote? Mtu gani anapika hivi?"

Akanitazama, machozi yakaanza kumtoka hivi hivi, bila sauti, mkono bado una ugali. "Tangu mwezi wa saba," akasema. "Tangu ile dozi ya tatu natia chumvi mingi kila siku. Naongeza, naongeza. Nangoja unitukane."

Nikaikumbuka ile mitazamo ya kila tonge. Nikakumbuka pia kwamba miezi yote hiyo tulikula sufuria moja, na yeye ulimi wake ulikuwa mzima.

"Na wewe ulikuwa unaila hivyo hivyo?"

"Ningepika mbili?"

Nikavuta sinia karibu. Chumvi ilinichoma kwenye vidonda vya midomo vilivyoachwa na dripu, ikaniwasha mpaka kooni, na nikaisikia yote. Tulikula mpaka sufuria ikaisha, halafu tukanywa maji mengi sana.